Waya Zenye Kuungua ku Mulango ya Garaji

Tata,

Ni mi, mutoto yako Ngalula. Tangu tulikuzika mvua imeisha, na garaji yetu ya Kapata ingali wazi. Ee, wazi! Yaya Mbuyi, mukubwa wangu wa tumbo moja, alitaka tuifunge, juu mwanamuke hawezi umeme ya motoka. Nikamuambia: ngojea kidogo.

Alitaka tena kuondosha zile waya zako zenye kuungua, zenye kutundikwa ku mulango. Eti zinatuletea haya. Nikakatala. Mi nakumbuka vile ulikuwa unazionyesha kila mutu mupya: "Zilikuwa za motoka yangu. Fizible yenye kulinda waya ilikufa, nikaweka kipande ya shaba pahali yake. Kufika Mutoshi, moshi!" Halafu unacheka mpaka machozi. Huku kwetu shaba haikosi, kila shofere eko nayo mu mufuko.

Juzi Tata Salumu, ule mufanya-biashara wa Kasongo, alifika na kamyo yake, anaenda Nzilo na mizigo. Fizible ya taa za nyuma ilikuwa imekufa mara tatu. "Weka shaba, mama, niende." Nikasema hapana. Akakasirika, eti wewe ungemuwekea. Uongo mutupu! Tangu ule moshi wa Mutoshi haukuweka tena shaba. Lakini Yaya alikuwa anaangalia, Tata. Kama Salumu anaenda kwingine, garaji inafungwa.

Nikaingia chini ya kamyo. Nikafuata waya na vidole, pole pole, kama ulinifundisha. Karibu na tangi ya mafuta ilikuwa inasuguana na chuma, ngozi yake imeisha. Karibu na mafuta, Tata! Fizible ilikuwa inakufa sababu ya ile. Nikamuita Salumu aone na macho yake. "Alhamdulillahi," akasema. Akakaa akangojea, nikabadilisha waya, nikaweka fizible ya kipimo yake. Taa zikawaka.

Kesho yake alituma kamyo zake zingine mbili. Yaya alitwaa rangi, akaandika ku kibao, chini ya jina yako: NA MUTOTO YAKE NGALULA. Nililia pale pale mbele ya watu.

Lala muzuri, Tata. Mi nakuahidi: hapa shaba haitakamata pahali ya fizible, hata mukubwa gani aombe. Na zile waya zitabakia ku mulango. Mutu akiuliza ni za nani, nitasema na sauti ya nguvu: za tata yangu.

Ngalula