Chumba cha Kumalizia Fungate

Dresden, Ujerumani
Jumatano, baada ya Pasaka

Dada yangu mpenzi Zuhura,

Shikamoo dada. Nimeikunja miguu kabisa hapa sakafuni kwenye bweni letu ili shikamoo hii iwe ya kweli. Natumaini barua itakukuta mzima, mama kifua kimempungua, na bibi bado anagombana na kuku wa jirani. Mimi ni mzima, tena mzima mno. Wenzangu wa chuo cha uuguzi wananiuliza nimekula nini huko Praha mpaka nang'aa hivi. Nami nawajibu: viazi.

Dada, nimemwona mume wangu! Miezi minane, halafu siku nne nzima! Lakini ngoja nianze mwanzo, maana najua utamsomea mama na bibi. Mahali pa kuruka utapaona mwenyewe.

Unaikumbuka ile asubuhi ya siku ya tatu ya fungate yetu pale Ng'ambo ya Tabora. Uligonga mlango, ukakohoa kama kawaida yako, lakini badala ya sinia la uji ukatupitishia chini ya mlango simu ya maandishi: Hamisi apande treni kesho, akajifunze injini za dizeli Chekoslovakia. Siku tatu tu, dada! Mwanamke anapewa siku saba za kukaa ndani na mumewe, mimi nikapewa tatu na filimbi ya treni. Kule Itetemia kwa mama mkwe majirani wakaanza kuniita bibi harusi nusu. Mama mkwe naye, kila nikienda kumwamkia, nilimwona anatazama pembeni. Na bibi ndiye aliyeniumiza zaidi, maana alikataa kupiga vigelegele vya kunitoa nje. "Vya siku ya saba nimeviweka," alisema. "Sivitoi mpaka zitimie." Hata siku naondoka mimi kuja huku, pale stesheni, neno lake la mwisho lilikuwa hilo hilo: "Mkikutana tu, mzimalize hizo nne. Ndani kwa ndani. Usinidanganye, nitajua."

Basi likizo ya Pasaka ikatupa siku nne, Ijumaa hadi Jumanne asubuhi. Hamisi akaandika tukutane Praha, maana ni katikati, treni yangu inafika na yake inafika. Akasema ni mji wa kale mno, una daraja la mawe lenye sanamu pande zote mbili na ngome juu ya kilima, na kila mtu akienda huko hutembea mpaka viatu viishe. Nami nikamjibu: mume wangu, mimi sitatembea. Mimi nakuja kumaliza fungate. Nitafutie chumba.

Sasa ona kazi niliyompa. Watu wengine wakienda mji kama ule, chumba ni mahali pa kutupia mzigo tu. Mimi nilitaka chumba ambacho mji wote utanijia ndani, kwa kuwa nje sitoki.

Ijumaa asubuhi nikamwona kwenye jukwaa la stesheni, amevaa sweta jekundu kama pilipili. Hapa ruka kidogo. (Nililia, naye akalia, akasingizia moshi.) Akanipeleka moja kwa moja kwenye hoteli aliyoambiwa na wenzake, kwenye uwanja mkubwa wa zamani, madirisha marefu, mazulia. Karani akachukua pasi zetu mbili, akazisoma, akazisoma tena.

"Huyu ni nani wako?"

"Mke wangu," Hamisi akasema kwa Kicheki chake.

"Mbona jina ni jingine?"

Dada, mimi ni binti Salumu, nimezaliwa binti Salumu na nitazikwa binti Salumu. Nani kwetu hubadilisha baba kwa sababu ameolewa? Lakini karani hakutaka kusikia. Kwao mke huchukua jina la mume. Akataka cheti cha ndoa. Na cheti kiko wapi? Kiko kwenye sanduku la mama, chini ya kanga zake, maana mama alisema karatasi ya ndoa haitembezwi njiani. Nikatoa ile picha yetu tuliyopigwa kwa Mhindi pale mjini, ya kanzu na buibui. Karani akaitazama, akanirudishia. "Picha si cheti. Vyumba viwili, au hapana."

Vyumba viwili! Fungate ya vyumba viwili!

Tukaenda kwenye bweni la vijana. Huko hawakuuliza cheti, lakini wanaume wanalala chini na wanawake ghorofa ya pili, vitanda ishirini kwa chumba. Hamisi alikuwa amechoka, akasema, "Mwanaidi, tulale hapa leo tu. Mchana tutakuwa pamoja tunatembea."

"Nikitembea nimeivunja."

"Bibi yuko Tabora. Atajuaje?"

"Nitajua mimi."

Halafu akaokota sanduku langu akaliweka begani, hakulibeba kwa mkono, begani kabisa, akasema, "Basi kitukuu wa mpagazi, tutafute kambi." Dada, nilimpenda upya pale pale! Unajua bibi anavyopenda kusimulia jinsi baba yake alivyobeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani, na kwamba hakutua mzigo mpaka ameona maji, kuni, na jirani atakayesikia ukiita. Nilikuwa nimemsimulia Hamisi hayo ndani ya zile siku tatu, nikidhani hasikilizi.

Tukarudi stesheni tuache mzigo kwanza. Anayepokea mizigo pale ni mama mmoja wa makamo, mnene, anaitwa Bozena, ana miwani iliyofungwa uzi. Akaniona macho yamevimba, akamuuliza Hamisi kulikoni. Hamisi akamweleza yote, hoteli, jina, cheti. Mama Bozena akaomba ile picha. Akaisogeza karibu na miwani, akamtazama Hamisi, akaitazama tena picha, akacheka mpaka kaunta ikatikisika.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema mwanaume anayeogopa hivi mbele ya kamera hawezi kuwa mtu mwingine ila bwana harusi."

Kumbe ana chumba juu ya nyumba yake, cha mwanawe aliyeoa akahama. Ghorofa tano, dada, ngazi za kuzunguka! Nilipofika juu sikukaa. Nikafungua bomba, maji yakatoka. Nikafunua jiko, makaa ya mawe yamejaa. Nikagonga sakafu kwa kisigino, na chini mtu akagonga dari kujibu, ndiye mama yake Bozena, mzee wa kitandani. Maji, kuni, jirani. Mama Bozena akawa ananitazama kana kwamba mimi ni mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Halafu nikafungua dirisha.

Dada, mji wote ulikuwa pale. Mapaa mekundu yanashuka mpaka mtoni, minara kama penseli zilizochongwa, lile daraja na sanamu zake zimejipanga kama watu wanaosubiri zamu ya unga, na ngome juu ukungu umeizunguka. Nikasema, "Hapa." Hamisi akatua mzigo.

Siku ya nne ya fungate ikaanza adhuhuri ile.

Hapa ruka mpaka Jumamosi.

Jumamosi Hamisi akashuka kununua mkate, maana bwana harusi hata kwetu huruhusiwa kutoka kidogo. Akaniambia, "Saa nne kamili tazama daraja, sanamu ya tatu." Nikakaa dirishani na kanga yangu. Saa nne kamili nikaona kidoa chekundu katikati ya watu wenye makoti meusi. Alikuwa amevua sweta lake kwenye baridi ile, anapunga! Nami nikapunga kanga. Kila siku alifanya hivyo, kila siku mahali pengine. Kwenye daraja, kwenye kingo za mto, na Jumapili kwenye ukuta wa ngome ambako alikuwa mdogo kama punje ya mtama, lakini nilimwona. Halafu anarudi anahema, anakaa kitandani na kunieleza jinsi lile jiwe lilivyo ukiligusa, na nyimbo gani zinaimbwa mlangoni mwa kanisa. Hakuna mtu aliyeuona mji ule kama mimi, dada. Kila nilipoutazama, mume wangu alikuwamo ndani yake.

Ila ile Jumamosi alirudi uso umebadilika.

"Mama Bozena amenishika ngazini."

"Kasema nini?"

"Nusu sikuelewa. Ile nusu niliyoelewa imenitosha."

Kumbe mama wa watu amemwona anatoka peke yake, mke yuko juu, akadhani amenifungia. Alimwambia mwanamke si mbuzi wa kufungiwa ndani, na kwamba kama hanitoi nione mji, atatutoa wote wawili na mizigo yetu. Kutolewa siku ya tano, twende wapi?

Nikamwambia Hamisi amwite. Akapanda, mikono kiunoni. Nikamkalisha, nikamwekea asali ya Itetemia kwenye kijiko, ile mama mkwe aliyonipa kwenye chupa, nikamwonyesha kwa vidole: saba. Nikakunja vinne: tatu. Nikafanya treni kwa mkono, inaondoka na Hamisi. Halafu nikavinyanyua vile vinne, nikaonyesha chumba. Hamisi akajazia maneno. "Si yeye anayenifungia," nikasema. "Ni mimi ninayemfungia yeye."

Hamisi hakutaka kulitafsiri hilo. Nikamlazimisha.

Mama Bozena alicheka, halafu akavua miwani akajifuta macho. Akasema yeye aliolewa wakati wa vita, na mumewe alichukuliwa siku ya pili. Alirudi baada ya miaka, wakaishi vizuri mpaka alipofariki juzijuzi, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba siku zile zilizobaki ni zao, waende wakazichukue. Akalamba kijiko, akaondoka.

Tangu hapo, dada, nilidhani wewe umehamia Praha. Kila mlo, hodi mbili, kikohozi, na hatua zinashuka. Ukifungua unakuta sinia: supu ya viazi, na mabonge ya unga ya kuchemsha ambayo ni kama maandazi yaliyosahau sukari. Nyama ya nguruwe hakuweka hata siku moja, ingawa tulimwambia mara moja tu. Hata lile suala la choo kilichoko ukumbini tulilimaliza. Hamisi aliniuliza kama kutoka mpaka ukumbini ni kuvunja, nikamjibu choo cha uani pale Ng'ambo bibi alikihalalisha, basi na hiki halali.

Jumanne asubuhi zikawa zimetimia saba. Nikaoga, nikavaa kanga juu ya koti, nikajipaka wanja. Siku moja nyuma nilikuwa nimemfundisha Mama Bozena vigelegele kupitia mlangoni. Nilipofungua, alikuwa amesimama ngazini na gauni lake la sikukuu, akavuta pumzi, akapiga. Dada! Hamisi, fundi wa reli, akaniambia sikioni, "Hiyo breki inataka mafuta." Nikambana mkono. Mimi nilikuwa nalia.

Tulikuwa na saa mbili tu kabla ya treni. Watu hupanga wiki nzima kuuona mji ule, sisi tulivuka daraja moja. Niligusa sanamu ya tatu, jiwe lake ni baridi kama alivyosema. Katikati ya daraja nikageuka kutafuta dirisha letu. Nikalipata, juu kabisa chini ya paa, na ndani yake kitu chekundu kinapunga. Hamisi alikuwa amemwachia Mama Bozena sweta lake.

Treni yake iliondoka kwanza. Safari hii sikulia kama pale Tabora. Ile ya kwanza ilinikatia kitu katikati, hii ilimchukua mtu tu, na mtu atarudi. Mafunzo yake yanaisha mwakani, yangu pia, na tutarudi pamoja, kwenye nyumba yenye jina moja mlangoni au mawili, sijali.

Nisalimie mama, umwambie cheti chake kisitoke sandukuni, hatukukihitaji. Msalimie shemeji, mumeo, na watoto. Nenda Itetemia ukamwamkie mama mkwe kwa niaba yangu, umwambie asali yake ndiyo iliyotutetea, na waliokuwa wananiita nusu uwape habari kamili. Msalimie fundi cherehani wetu wa mlango wa pili.

Na bibi, mwamkie wa mwisho. Msomee kuanzia bomba la maji hadi dirisha, umwache aulize anachotaka, ujibu ukweli wote. Akiridhika, mkalishe barazani, na umwambie mjukuu wake ameketi kitandani Dresden, dirisha liko wazi, anasubiri vigelegele vyake.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi binti Salumu, mke wa Hamisi