Wanasema Mbeya Ndiyo Iliyoniharibu

Ilomba, Mbeya
Jumapili mchana

Baba,

Kamwene. Najua hutaitikia. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikijiuliza inakuwaje mtu asiyeamini kwamba wafu wanasikia aanze kuwaamkia. Lakini wewe ndiye uliyenilea, na kumwandikia mzazi bila salamu mkono wangu unakataa. Basi nivumilie kama ulivyozoea.

Mwaka umetimia. Jumamosi ya majuma mawili yaliyopita tulikusimikia msalaba pale juu kwenye miti ya miwati. Mdogo wangu Erasto aliumimina mwenyewe kwa saruji. Umeinama kidogo kuelekea bondeni. Yeye alitaka kuung'oa aanze upya, mama akamwambia auache, hata wewe ulikuwa ukiegemea mguu wa kushoto. Watu wakacheka pale pale makaburini. Ungewakemea.

Kwenda huko nilipandia lori Uyole, nikakaa juu ya magunia. Chimala tukashusha na kupakia mpaka jua likatuchoma, na njia nzima nilikuwa na jambo moja tumboni. Desturi yetu unaijua: mwaka ukitimia, mzaliwa wa kwanza ndiye anayeomba kaburini, na ukoo wote unaitikia. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Na mimi, baba, siombi tena. Si uvivu, wala si hasira. Siamini kwamba yupo anayesikia. Haya, limetoka. Miaka minne nimelimeza kama kwinini.

Kijijini walikwisha kunusa, maana nikija likizo nakaa kanisani mdomo umefungwa, na sikio halilali na njaa. Wanasema Mbeya ndiyo iliyoniharibu. Wengine wanasema ni huu uuguzi, kwamba ukiona maiti nyingi moyo unakuwa jiwe. Wengine wanasema nimesilimu, eti kwa sababu nimepanga chumba kwa Mama Zuhura. Lo! Laiti wangemsikia Mama Zuhura mwenyewe anavyonifokea uani, kwamba mtu asiye na dini ni chungu kisicho na kifuniko! Lakini anayeniuma ni dada yako, shangazi Tabita. Yeye anasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kisha anamtazama mama.

Methali ni ya kweli. Ila anamtazama asiyehusika. Mlezi wa jambo hili ni wewe, baba. Nilianzia nyumbani kwa mwinjilisti, mezani kwako.

Kila jioni kabla ya chakula ulikuwa ukiniuliza, "Leo umeona nini kwa macho yako?" Nikisema nimesikia chui amepita karibu na shamba la mzee Yeremia, unatikisa kichwa. "La kusikia bado si lako." Nikisema nimeona kinyonga akibadilika rangi juu ya gogo, unaweka kijiko chini, unataka yote: alianzia wapi, kichwani au mkiani, na ilichukua muda gani. Hakuna mtu mzima mwingine pale kijijini aliyemsikiliza mtoto wa kike namna ile. Na kuhusu Amina ulikuwa mkali kuliko mchungaji. Ulisema Amina ni dole gumba kama lile wanalobandika watu bomani, ukishalibandika umekubali yote yaliyoandikwa juu yake. Kwa usichokijua, usibandike.

Mimi nikayashika. Hilo ndilo kosa langu lote.

Kisha ikaja surua, miaka ile ya vita vya Hitla. Erasto hakuwa ametimiza miaka mitatu. Wewe ulifunga ukaomba siku tatu. Siku ya nne asubuhi mama alinishika mkono, akachukua kibuyu cha togwa na konzi ya unga, tukaenda kwenye kaburi la baba yake. Akamwaga pale chini, akasema na baba yake kwa sauti ndogo, akimsihi amwachie mtoto. Kutambikia mizimu, wazee wa kanisa wangesema. Mimi niliona mama analia tu.

Kibuyu alikisahau pale pale kaburini. Watu wakakiona, wakakitambua.

Wazee wa kanisa wakaja nyumbani, mzee Yeremia mbele, na wewe, kwa kuwa ndiwe mwinjilisti, ukakaa upande wao wa meza. Ukaniita mimi, nina miaka tisa. "Yudita, uliona nini kwa macho yako?"

Nikasema yote, baba. Togwa, unga, maneno. Nilisema kwa mpangilio, siruki kitu, kama ulivyonifundisha. Nilidhani utafurahi.

Mama akatengwa. Miezi saba alikaa benchi la nyuma, na meza ya Bwana hakuikaribia, na wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia mchungaji kikombe. Erasto akapona. Wewe ukasema ni Mungu, bibi akasema ni babu kaburini, dresa wa zahanati akasema surua ina siku zake. Mama akamkorogea uji.

Siku ya kumrudisha kundini alisimama mbele, akasema anajuta, na kanisa zima likaitikia Amina. Njiani kurudi nilimwuliza kama kweli anajuta. Akasema, "Nimesema walichotaka. Twende upesi, kuni zitalowa." Hapo ndipo, baba. Si Mbeya, si hospitali, si Mama Zuhura. Nilisimama njiani nikaona kwamba kanisa zima limebandika dole kwenye kitu ambacho hakikuwepo, na wewe ukiwa wa kwanza. Tangu siku ile kila Amina niliikagua kwanza kabla ya kuitoa. Nyingine nilizitoa, nyingine nikazizuia. Nilipofika miaka ya ishirini na kitu nikajikuta sina hata moja ninayoweza kuitoa.

Sikukuchukia. Nilikuwa na hasira na wewe, ndiyo, ya miaka mingi, lakini kila nilipotaka kukuchukia nilikumbuka kinyonga yule na kijiko chako mezani, nikashindwa.

Na ulipokuja Mbeya mara ya mwisho kupimwa kifua, ukalala hapa chumbani kwangu siku nne. Asubuhi ya kwanza uliuombea uji. Ukamaliza. Ukasubiri Amina yangu. Mimi nilikuwa nimefumbua macho, natazama mvuke. Nikakuona unanitazama. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Ukashika kijiko, ukasema, "Kula, mwanangu, uji unapoa."

Siku zote nne hukuniuliza. Wewe, uliyekuwa ukiuliza kila kitu! Nimelifikiria sana jambo hili tangu ulipoondoka. Naona hukuniuliza kwa sababu ulijua nitajibu. Ulikwisha kuniuliza siku moja mbele ya watu, na jibu lake ukaishi nalo nyumba moja miaka yote ile. Labda najifariji tu. Sikuliona kwa macho, ni la kudhani.

Basi sasa unaelewa nilichobeba juu ya yale magunia. Nikiomba kaburini kwako, nakudanganya. Nikikataa, watamgeukia mama: si ndiye aliyempeleka mtoto kwenye mizimu? Ukweli wangu ulikwisha kumweka benchi la nyuma. Sikutaka ukweli huo umrudishe huko na umri huu.

Ijumaa mchana nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikamwambia, mama, nina jambo. Akaacha kumenya. Nikamweleza lote. Akanitazama kwa macho yake, sasa yana ukungu, akasema, "Wee! Mimi nilidhani una mimba."

Tukacheka, baba, tukacheka mpaka akajifuta kwa pindo la khanga. Halafu machozi yakaendelea, haya sasa si ya kicheko. Akasema ataniombea hata nikikataa. Nikamwambia sikatai. Akachukua kisu akaendelea na viazi. "Kesho sema ulicho nacho," akasema. "Kinachobaki niachie mimi."

Jumamosi nikasimama. Nikawaambia niliyoyaona: kwamba ulimsikiliza mtoto wa kike habari za kinyonga, kwamba ulitembea siku nzima na mguu ule mbovu kwenda kumzika mzee Mpangala, ambaye hakuwa wa kanisa lako wala la mtu yeyote, kwamba ulikuwa ukiimba vibaya na kwa sauti kubwa kuliko wote. Hapo wakaguna kwa kukubali. Kisha nikasema, ni hayo tu.

Watu wakangoja. Mzee Yeremia, amezeeka sasa, anatembelea mkongojo, akakohoa. "Na sala, binti yetu?" Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeamua kusema kweli. Mama akapita mbele yangu, akaushika ule msalaba wako asiteleze, akasema sala ni yake, yeye ndiye mke.

Aliomba kwa Kibena. Tangu siku ile ya kurudishwa kundini hakuna aliyewahi kumsikia mama akiomba mbele ya watu. Akashukuru kwa ajili yako, kwa jina lako lote. Halafu akasema, wazi, mbele ya wazee wale wale: "Mungu wangu, siku ile nilisema najuta. Sikujuta. Mtoto wangu alikuwa anakufa. Leo nasema kweli." Kisha akasahau kwamba anaongea na Mungu, akatugeukia sisi. "Na huyu binti msimwulize kitu. Aliulizwa akiwa mdogo. Inatosha."

Shangazi Tabita alitazama viatu vyake. Mimi nikasema moyoni, wamemtenga tena, na safari hii kwa mdomo wake mwenyewe, na ni kwa ajili yangu. Mzee Yeremia alisimama pale ameshikilia mkongojo kwa mikono miwili, midomo inamchezacheza. Akavua kofia. Akasema Amina, peke yake, kwa sauti ya kizee iliyokatika katikati. Ndipo wengine wakafuata. Mimi sikuitikia, baba. Lakini nililia mpaka Erasto akaja kunishika bega.

Hakuna kikao kilichoitishwa. Erasto ameniandikia juzi, anasema mama anakaa mbele kama kawaida, na shangazi Tabita amemletea kapu la mahindi mabichi bila kusema ni ya nini.

Nina ahadi ya kukupa. Macho ya mama hayasomi tena. Ulikuwa ukimsomea wewe kila jioni, na tangu ulipoondoka anasoma Erasto, ambaye anasoma kama anafukuzwa na nyuki. Asubuhi niliyoondoka mama alinisindikiza mpaka njia panda, akazungukazunguka na maneno, mwishowe akauliza kwa haya kama ningeweza kumsomea mimi, hivyo nilivyo. Nikamwambia naweza. Mwezi wa sita namleta hapa Ilomba atazamwe macho, na kila jioni nitamsomea Biblia yako ile yenye jalada lililoungua. Nitasoma polepole, kama ulivyosoma wewe, siruki mstari, hata pale panapowasema vibaya watu kama mimi. Hapo nitapaza sauti, najua atacheka. Na akiniuliza kama ninayaamini ninayoyasoma, nitamjibu kweli, kisha nitafungua ukurasa unaofuata.

Jumamosi ile watu walipoliaga kaburi, kila mmoja alisema tutaonana. Mzee Yeremia alilisema, Erasto alilisema, mama alilisema huku akiupigapiga msalaba kwa kiganja. Walikuaga kama mtu aliyetangulia mnadani, ambaye watamkuta huko huko. Niliwaonea wivu, nakwambia. Watu hudhani asiyeamini haumii sana, kwamba kwake kifo ni jambo dogo. Ee baba, wangejua! Wao wamekuaga kwa muda tu. Mimi nilisimama pale nikijua kwamba nilikuwa na baba mmoja, na sitamwona tena.

Kwaheri, baba yangu.

Mwanao,
Yudita