Fuawe Uliyoileta Kutoka Kongwa

Mpendwa Baba Neema,

Sijui uko machimbo gani, wala huko wanakuita jina gani, kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Anayekufahamu na akusomee. Neema hajambo, mbuzi hawajambo, paa halijavuja. Mimi naogopa, na nimeona bora niseme mapema kuliko kukuzungusha.

Unakumbuka kiwanda kilipouzwa na ninyi mafundi mkaambiwa mwende nyumbani? Hukukaa hata kusononeka. Ulichukua ringi ya lori iwe tanuri, ukaikandika ndani kwa udongo wa kichuguu, ukatoboa chini na kupachika bomba la kitanda chetu cha zamani. Upepo ulitoka kwenye feni uliyoiunda kwa mabati, ikizungushwa na gurudumu la baiskeli. Mzungushaji nilikuwa mimi. Mkaa uliposhika ukawa mwekundu kabisa, ulicheka peke yako ukasema, "Mama Neema, sasa bado kitu cha kugongea tu."

Kitu hicho ulikitoa kwenu Kongwa. Kwenu kila nyumba ina chuma kilichobaki kwenye mashamba ya karanga ya Mwingereza, aliyelima kwa mitambo ya vita. Huyu kafungia mbuzi, yule kaegeshea mlango, nani angeuliza kimetoka wapi? Chako kilikuwa kizito, kinene kama mtungi mdogo, upande mmoja bapa na mwingine umechongoka. Ulisema ni kipande cha trekta. Ukachimba tundu kwenye gogo la mgunga, ukakizamisha ncha chini, bapa juu, na hapo tukapata fuawe. Mtaa wetu wote wa Miyuji ulijua tumeamka kwa mlio wake. Majembe ya nje yalipojaa sokoni, bado watu walikuja kwako, wakisema la kwako halipindi kwenye ardhi yetu kavu. Na asubuhi za baridi nilimkalisha Neema pale pale karibu nawe, aote moto.

Kisha gogo likapasuka. Ulilifunga kwa waya ukaendelea, maana chuma kilikuwa motoni, na wewe huachi chuma chekundu hata nyumba ikiungua. Jirani yetu, yule mzee mwanajeshi mstaafu, alikuwa anapita nje ya ua wetu wa miba. Akasimama. Kwenye ule ufa aliona mkanda wa shaba umezunguka fuawe yako. Uso wake ulibadilika, akaniashiria nimbebe mtoto nitoke polepole. Nilipomfikia akaninong'oneza, "Ule mkanda ni wa bomu la mzinga, mwanangu. Usipige kelele, asije akashtuka."

Uliinua nyundo, ukapiga. Ukainua tena. Kila pigo niliona umekwisha, nami nimefumba mdomo wa Neema kwa kiganja asikuite. Nilitaka kukimbia na nilitaka kukufuata, miguu ikakataa vyote viwili.

Aliyekuwa na akili ni mzee. Alipiga hodi, akaingia uani mpaka mbele yako, akanyoosha mikono yote miwili. "Mwanangu, leo hata salamu hunipi?"

Na wewe, usiyeacha chuma kwa njaa wala kwa mvua, uliona aibu. Uliweka nyundo chini, ukafuta mikono kwenye suruali, ukamshika. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo huku nje unisalimie vizuri." Hakukuachia mkono mpaka mlipofika barabarani.

Mzee akawaita wanajeshi, wakakizungushia kile chuma mifuko ya mchanga, wakakichukua. Ulimuuliza mmoja wao kama kingeweza kulipuka. Alikutazama, akasema, "Mshukuruni Mungu," akapanda gari.

Ulitafuta kipande cha reli, ukaanza upya. Reli haina neno, hata mtoto anajua. Lakini kwa pigo la kwanza tu nilikuwa chini kifudifudi, nimemkinga Neema. Kesho yake, vilevile. Sikukukataza kazi, wewe ni shahidi. Ulitutazama pale mavumbini, ukaweka nyundo, na wiki ile ile ukapanda lori kwenda kaskazini kuchimba vito. Mtu aliyenusurika kugonga bomu ameenda kuishi na baruti chini ya ardhi. Hapo ndipo akili yangu inapokwama.

Mvua ikinyesha nawaza mashimo yanavyojaa maji. Mgeni akipiga hodi kwa sauti ya chini, nadhani ameniletea habari ya msiba. Kijana mmoja aliyetoka huko alisema alikuona, umekonda, unakohoa. Nilipombana akasema labda alikufananisha. Tangu hapo silali vizuri.

Sasa sikiliza. Jioni nachukua nyundo yako naenda kwenye ile reli. Mwanzo niligonga kidogo, nikakimbilia jikoni. Majirani wanasema mke wa fundi ameingiwa na wazimu, na waseme. Juzi niligonga nikabaki nimesimama, natetemeka mwili mzima. Jana nilimfunga Neema mgongoni, nikagonga kwa nguvu zangu zote, na mtoto akasinzia.

Hofu haijaniisha, sikudanganyi. Ila sianguki tena. Rudi ufanye kazi yako, tutasimama hapa tukikutazama.

Naishia hapa, Neema ameamka.

Mkeo,
Mama Neema