Jina Kwenye Fomu ya Chuo

Corliss mwanangu,

Nimetoka mapema kwenda kuwasha basi langu la shule. Mkate wa mahindi uko kwenye oveni. Ile fomu ya mtandaoni ya msaada wa masomo ya chuo inataka karatasi za kodi za mwaka juzi, siyo za mwaka jana. Ziko droo ya visu. Baba yako naye aingie kwenye fomu akubali rekodi zake za kodi zisomwe, aache ubishi wake.

Asubuhi nilipoanza kuijaza nilikosea, nikaweka jina langu mahali pa mwanafunzi. Ikaniandikia: “Karibu, mwanafunzi Loretta.” Mimi, niliyeishia darasa la kumi. Nilikaa nikiitazama mpaka kahawa ikapoa.

~~Lifute, uandike lako.~~ Usilifute kwanza. Nikirudi nilitazame mara moja tena, ndipo tuandike lako.

Mama