Mtungi wa Bi. Haruko

Birmingham,
Novemba 2006

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Usinijibu "kidogo" kama kawaida yako, sema ukweli. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia.

Nilikueleza kwamba namtunza ajuza wa Kijapani hapa Moseley, Bi. Haruko, mjane wa Mwingereza. Akikusimulia mji wao wa milimani utadhani ni peponi. Kumbe ni mashamba ya mpunga, hekalu moja na wazee watupu! Mwaka jana serikali yao iliuunganisha na jiji jirani, hata jina likafutwa. Nilicheka moyoni: wenyewe wameuchoka.

Alichobaki nacho ni mtungi wa pumba za mchele zilizochachuka kwa chumvi, anamofukia matango na figili ziwe achari. Kwao kila nyumba ilikuwa na wake, na kila asubuhi mwanamke aliukoroga kwa mkono mtupu, na ladha ikafuata mkono huo. Huu wake aliuanzisha kwa konzi ya pumba alizotoa kwenye mtungi wa mama yake, alipoolewa. Ulinuka soksi, Mama. Niliudharau tangu siku ya kwanza.

Mwezi uliopita alilazwa. Akaniomba niukoroge kila siku, nikaitikia. Kesho yake akaja msimamizi wa kampuni yetu ya utunzaji kukagua jikoni, Mkenya mwenzetu anayeongelea puani tangu apewe gari la kazi.

"Hii ni nini? Haina date! Rules ni rules, tupa kwa bin."

"Ni ya mamake," nikasema.

"Mamake ako wapi? Tupa!"

Bure kabisa yule! Lakini mkono uliotupa ni wangu, tena nilitupa kwa furaha. Sasa bure zaidi ni nani?

Juzi Bi. Haruko alirudi. Akakunja mikono ya sweta, akafungua kabati la mtungi. Nikamweleza yote. Akaniinamia, mimi! "Samahani," akasema. "Ningeandika tarehe."

Nililia. Nikamwambia nitatafuta pumba kwenye maduka ya Alum Rock Road, tuanze upya.

"Anza," akasema. "Huo utakuwa na mkono wako. Wa mama umekwisha."

Nisalimie mdogo wangu Zawadi, baba mdogo fundi cherehani, na shangazi Mshai wa kwaya. Huyo mwambie asiniombee baraka kwa sasa, aniombee msamaha.

Ni mimi mwanao, nisiye na la kujitetea,
Mkamburi