Bwawa la Boru

Garsen,
2 Aprili.

Dada yangu Mwanasha,

Kwa taadhima na majonzi makubwa natangaza kwamba fagio langu la chelewa limefariki dunia asubuhi ya leo, baada ya kulitumikia duka kwa miezi kumi na minne. Limeacha kamba na vijiti saba. Mazishi yamefanyika jikoni, chini ya sufuria ya chai.

Baada ya msiba huo, nakuamkia dada. Vipi goti lako? Na shemeji, kikohozi kimempungua? Mimi mzima, ila kiuno tu kinalalamika. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiweka sauti ya juu, na nusu ya Kipini hunijibu salamu. Habari hii ni yako peke yako. Mwanao Sumeya atakuletea kesho. Bahasha nimeishona kwa mkono, kwa hiyo akiifungua nitajua.

Umeniuliza mara tatu habari za cherehani ya mama, nami mara tatu nikakwambia inacheka, nzima kabisa. Dada, haicheki. Ile mvua ya Novemba iliingiza maji dukani hadi magotini, yakakaa siku mbili. Meza ikavimba, ikalainika, kichwa cha cherehani kikaanguka majini. Gurudumu limeshikwa na kutu. Ile droo ya sindano za mama imegoma kufunguka hadi leo. Mwenyewe nilikuwa nimesimama mlango wa mbele na fagio, majora ya vitambaa nimeyarundika mlango wa nyuma, macho yangu kwenye uwanja wa Boru.

Boru ndiye mwenye kituo cha petroli ng'ambo ya barabara, Muorma wa jadi ya wafugaji, mtu wa kilemba kikubwa na subira ndogo. Uwanja wake wote aliumwagia zege, hata mti wa kivuli akaukaba shingoni. Mvua ikinyesha pale haina pa kuzama, inateremka barabarani kama inafukuzwa. Nilimwendea kwa adabu nimweleze hasara yangu. Mbele ya madereva wa malori akasema maji yake hayana miguu ya kuvuka lami, na kama mlango wangu unavuja basi niushonee nepi. Tangu siku hiyo, kutoka hapa hadi Tarasaa, madereva huniita Fundi Nepi.

Sikusoma uhandisi, dada, lakini nina macho na kiti kinachotazama barabara.

Januari akaja Josephine, ofisa wa mazingira, akatukusanya wafanyabiashara chini ya turubai. Alitufundisha kwamba maji ya mvua yasifukuzwe kwa jirani, yanyweshwe ardhi pale pale yalipoangukia. Uvunje kipande cha zege uweke kokoto. Maji ya paa uyatie tangini. Yanayobaki uyapitishe kwenye mfereji wa nyasi hadi kwenye shimo pana lisilo na kina, lililopandwa majani, chini yake mchanga na changarawe, na baada ya siku mbili ardhi iwe imeshayanywa. Wenzangu walikuwa wakingoja soda. Mimi niliandika kila neno nyuma ya karatasi ya vipimo vya suruali.

Kesho yake nikampelekea Boru kanzu niliyomtilia kiraka, nikamwambia hapa mjini ni yeye tu mwenye uwanja wa kufaa kazi hiyo, na kwamba nimesikia mwenye kituo kingine anataka kuwa wa kwanza ili apigwe picha. Sikusikia kwa mtu yeyote. Boru alizipapasa ndevu. Wiki haijaisha, nyundo zinalia kwenye zege.

Mwezi wa tatu zikaja mvua mbili ndogo, za kulowesha kilemba tu. Lakini paa la kituo na zege lililobaki vilikusanya kila tone, shimo alilochimba Boru likajaa pomoni, nyasi zikachanua kijani wakati mbuga nzima ingali rangi ya gunia. Siku ya nne akatokea mzee Dukicha na ng'ombe themanini waliokuwa wakielekea mtoni. Mto uko mbele, lakini ng'ombe mwenye kiu hahesabu kilomita. Boru akatoka na fimbo, anafoka. Dukicha hakupandisha sauti. Alimuuliza tu, kwani wewe ni mtoto wa nani?

Dada, kila mtu hapa anajua. Marehemu baba yake Boru alichimba visima huko mbugani kwa mikono yake, na hakuwahi kumfukuza ng'ombe wa mtu. Boru aliishusha fimbo. Akasema, karibuni.

Hadi Ijumaa yalikuwa yameshapita makundi matano. Mtamba mmoja alijikuna shingo kwenye pampu mpaka mpira ukang'oka. Malori yanapiga honi, yanakata tamaa, yanajaza mafuta kwingine. Boru anazoa kinyesi kwa sepetu, kilemba kimekaa upande. Nilikunywa chai vikombe vitatu nikimtazama. Sijapata kuonja chai tamu vile.

Sasa nililolificha. Shimo la Josephine lingekauka kwa siku mbili. Boru aliponiuliza chini kunawekwa nini, nilikuwa na karatasi mfukoni. Nikamwambia changarawe ni mambo ya watu wa bara, sisi tuache udongo wetu mweusi, na aushindilie vizuri. Udongo ule unaujua, hauachii maji. Na nilijua yeye ni mtoto wa nani. Sikukosea, nilikusudia. Jana amenijia eti nimshauri afanyeje na mavi ya ng'ombe. Nikamwambia awashonee nepi. Hakucheka, nikacheka kwa niaba ya madereva.

Nisamehe uongo wa cherehani. Kwa habari ya Boru siombi msamaha, na usiniombee.

Msalimie shemeji, na majirani wote wanaonisikiaga kwenye simu.

Ni mimi mdogo wako,
Awadh.

Nimeifumua bahasha kukuongezea haya. Adhuhuri imenyesha mvua kubwa, ya kwanza tangu Novemba. Kwa Boru halikutoka hata tone. Dukani maji yamefika magotini. Yameingia kwa mlango wa nyuma. Paa letu halina gata la kukinga maji, yote humwagikia nyuma.