Kichuguu cha Gari la Alfonsi

Agata mdogo wangu,

Mavuno mawili yamepita hujakanyaga uani kwangu. Kama miguu imevunjika, sema nijue. Kama ni uvivu, sema pia, nimekulea mgongoni. Hata hivyo nakuuliza: kifua kimepona? Shemeji hajambo? Mpunga wa huko Majimoto umekubali? Sisi huku upande wa Mpanda tunapumua, ila tumechoka. Anayeandika ni mkwe wangu Kristina, mimi natamka tu. Anasema nisikuanze kwa ukali. Nimemwambia aandike.

Taabu yetu ni gari la Alfonsi, ambalo hujaliona. Mwanangu alilikuta limetupwa kwenye mgodi wa zamani, mti umeota ndani ya boneti. Akakata mti, akatafuta injini kwa huyu, gia boksi kwa yule, milango akaichonga mwenyewe kwa mbao za mninga. Sasa ndilo pikapu linalotulisha: linabeba mahindi, mbao, wagonjwa, hata maiti ya jirani lilibeba. Kasoro yake moja, halina stata. Kwa hiyo kila jioni Alfonsi alikuwa analipandisha kinyumenyume kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba, anaweka gogo chini ya tairi. Asubuhi anatoa gogo, linateremka, linakohoa, linawaka.

Kosa ni langu, nalisema wazi. Watu walipohamia kijijini hapa walitaka udongo wa matofali, na unajua hakuna tofali linaloshinda la kichuguu. Alfonsi alikuwa safarini Inyonga siku nne. Wakaniomba. Nikawaambia chukueni, udongo ni wa Mungu. Aliporudi akakuta shimo, na majirani wanaanika matofali. Akalizunguka shimo mara moja, akaingia ndani. Afadhali angefoka.

Tangu hapo tunasukuma. Mwanzo walikuja watu kumi, wanacheka. Baadaye wakimsikia Alfonsi anaita, wanajifungia ndani. Nikawa napita mlango kwa mlango na fimbo: "Ukuta wako umesimama kwa udongo wa gari letu. Toka usukume." Wanatoka, wananiita bibi trafiki, wanasukuma. Lakini kila siku, Agata, na magoti haya.

Mwezi uliopita Alfonsi akachoka. Akapata mtu wa mashine ya kusaga anayeitaka ile injini. Nikajua mwisho wake: injini ikienda, naye ataenda Tabora kutafuta kazi ya reli, aniache na Kristina na wajukuu watatu tunatazama bodi tupu. Yule mtu akaja asubuhi, akataka kwanza aisikie ikinguruma. Alfonsi akanigeukia niwatoe watu. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikasema leo mgongo unauma. Akaita mwenyewe. Hakutoka hata mmoja. Wakasukuma wao wawili, gari lisiwake, mpaka mgeni akalowa jasho, akapanda baiskeli yake akaondoka.

"Mama, umeniharibia mara mbili," Alfonsi akasema.

"Nimeharibu mara moja. Hii ya pili nimetengeneza."

Kesho yake nikaanza kumwaga udongo pale kwenye shimo, karai kwa karai. Siku ya tatu akaja na koleo, akaanza kujaza naye. Ameniambia gari likiweza kulala juu kabla ya mvua, haliuzi. Likishindwa, anamwita yule mtu. Shimo tumelifukia, na kilima sasa kimefika gotini. Kinatakiwa kifike kifuani. Mchwa walikuwa wengi kuliko sisi, na hawakuwa na wajukuu wa kupikia.

Msalimie shemeji, na shangazi yetu muuza chumvi, na mwanao mkubwa aliyeoa bila kuniita, mwambie sijasahau. Ni mimi dada yako, ninayekutukana kwa sababu nimekukumbuka.

Na ukija, usingoje Krismasi, njoo kabla ya mvua. Gauni la kanisani liache huko. Beba karai lako, na umlete huyo mwanao aje na mgongo wake.